Nesi akilikataa kopo la kinga, ana hoja

Miaka hii michache hospitali za Nyanda za Juu Kusini zimepata kitu ambacho zamani mtu wa Mbeya au Njombe alikifuata Muhimbili: vyumba vya wagonjwa mahututi vyenye mashine za kupumulia, oksijeni ya bomba na nesi anayekesha. Vingi vilijengwa au kupanuliwa baada ya UVIKO-19, kwa fedha za mkopo wa IMF wa mwaka 2021. Pamoja na vitanda hivyo umeingia ugomvi mpya, nao hutokea mlangoni saa ya kuona wagonjwa. Ndugu anafika na kopo la unga wa "kuongeza kinga", pengine na chupa ya vitamini C na zinki, na karatasi ya maelekezo aliyoandikiwa na mtu wa biashara ya mtandao. Nesi anamwambia arudi nalo nyumbani. Ndugu anatoka amenuna, na kabla daladala haijafika Kabwe habari imeshageuka: mgonjwa amenyimwa lishe, wanataka tununue dawa zao tu, hawa watu hawana utu.

Naona tunamwonea yule nesi. Kwa mgonjwa aliye mahututi, kopo lile mara nyingi halisaidii kitu, na baadhi ya vitu vinavyowekwa ndani ya makopo ya namna hiyo, vikitolewa kwa dozi kubwa, vimeonekana kuongeza vifo katika majaribio yaliyosimamiwa kwa umakini kuliko wodi yoyote tuliyo nayo. Lakini hospitali nayo ina deni ambalo halidaiwi, kwa sababu sote tumeshikilia ugomvi wa kopo. Ukishamkatalia ndugu kopo, lazima uweze kumjibu swali ambalo yeye hakulijua kuliuliza: mgonjwa wangu amekula nini leo, kiasi gani, na nani ameandika?

Tuanze na neno lenyewe, maana nadhani ndilo lililotuponza. Huku kwetu neno "kinga" tulilijua vizuri kupitia Ukimwi. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wa miaka 15 na kuendelea yako asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa taifa ni 4.4. Hakuna ukoo ambao haujakaa mezani kuambiwa "kinga zimeshuka" au "kinga zimepanda". Tukazoea kuiona kinga kama maji ya simtanki: yakipungua unajaza, yakijaa uko salama, na aliyejaza zaidi yuko salama zaidi. Kwa VVU na CD4, zile chembe za kinga zinazohesabiwa kwenye damu, picha hiyo haikuwa mbaya sana. Kwa mtu aliyelala na maambukizi makali ambayo mwili, katika kupambana nayo, umeanza kuviumiza viungo vyake wenyewe, hali ambayo madaktari huiita sepsisi, picha hiyo inapotosha kabisa.

Picha inayofaa zaidi tunayo hapa hapa. Kila Septemba na Oktoba watu huwasha moto kusafisha mashamba, na kila mwaka kuna moto unaomtoroka mwenyewe na kuingia kwenye misonobari ya Sao Hill. Moto ule haukuwa na tatizo la kukosa nguvu. Kilichokosekana ni mpaka. Katika sepsisi kinga hufanya hivyo: inawaka kupambana na vijidudu, inavuka mpaka, inachoma mishipa midogo ya damu, presha inashuka, figo zinasimama, mapafu yanajaa maji. Na wakati huo huo, sehemu nyingine za kinga hiyo hiyo zimechoka na kuzima, ndiyo maana mgonjwa akivuka wiki ya kwanza anaweza kupata nimonia mpya kitandani. Upande mmoja unaungua, upande mwingine ni majivu. Ukimwambia daktari "mwongezee kinga", atakuuliza kwa haki kabisa: ipi kati ya hizo, na leo ni siku ya ngapi?

Wanasayansi hawakuipuuza dhana ya kopo. Waliiamini kuliko sisi, na waliipima. Walianza na mambo ya kweli: mtu akiwa mahututi, glutamini, moja ya vijenzi vya protini, hushuka kwenye damu yake, na vitamini C, zinki na seleniamu hushuka pia. Wanaoshuka zaidi hufa zaidi. Basi, wakasema, turudishe. Mwaka 2013 yakatoka matokeo ya jaribio lililoitwa REDOXS, lililofanyika katika vyumba 40 vya mahututi vya Kanada, Marekani na Ulaya, likiwa na wagonjwa 1,223 wenye viungo vingi vilivyogoma na walio kwenye mashine za kupumulia. Waliopewa glutamini walikufa zaidi: asilimia 32.4 ndani ya siku 28, dhidi ya 27.2 ya wasiopewa, na hadi kufika miezi sita pengo lilikuwa bado lipo. Waliopewa mchanganyiko wa seleniamu, zinki, vitamini C, vitamini E na beta-karotini hawakupata faida. Mwaka uliofuata, jaribio jingine la Ulaya likapima chakula cha kupitishia mpira wa kulishia, chenye protini nyingi na kilichoongezwa glutamini, omega-3 na wenzake. Maambukizi hayakupungua, na kwa wagonjwa waliolazwa kwa maradhi ya ndani vifo vya miezi sita vilikuwa vingi zaidi kwa waliopewa chakula hicho maalumu.

Vitamini C ina mashabiki wengi kuliko yote, kwa hiyo niisemee peke yake. Mwaka 2022 jaribio la LOVIT lilichukua wagonjwa 872 wa sepsisi ambao presha yao ilishikiliwa na dawa, likawapa vitamini C nyingi kwenye mshipa kila baada ya saa sita kwa siku nne. Waliokufa au kubaki na viungo vilivyogoma kufikia siku ya 28 walikuwa asilimia 44.5 kwa waliopewa vitamini, na 38.5 kwa waliopewa kitu kisicho na dawa. Vitamini D nayo ilipimwa Marekani, dozi moja ya yuniti 540,000 kwa watu mahututi waliothibitika kuwa na upungufu. Matokeo ya 2019 hayakuonyesha kwamba iliokoa maisha. Kuna jambo la kutafakari humo. Kipimo kilipanda kwenye damu kama ilivyotarajiwa. Mgonjwa hakubadilika.

Kwa nini kurudisha kilichoshuka kusisaidie? Sehemu ya jibu ni kwamba kushuka kwenye damu si lazima kuwe upungufu. Mwili ukivamiwa huficha baadhi ya vitu kwa makusudi. Chuma ndio mfano mzuri zaidi, kwa sababu bakteria wanakihitaji ili wazaliane, na mwili unalijua hilo. Unakitoa kwenye damu na kukifungia ghalani. Nasi hatuhitaji kwenda Kanada kulijua. Jaribio kubwa lilifanyika Pemba, watoto wadogo wakapewa chuma na asidi ya foliki katika eneo lenye malaria kali. Sehemu hiyo ya jaribio ilisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu watoto waliopewa chuma walilazwa na kufa zaidi ya wenzao. Matokeo yalichapishwa 2006. Kwa hoja hiyo hiyo, hadi leo mtoto mwenye utapiamlo mkali akilazwa hapewi chuma siku za mwanzo, hata akiwa mweupe viganjani. Mkulima wa Mbozi analijua hili bila kusoma jarida: hindi lililonyauka kwa jua hulimwagii urea. Urea haina kosa na hindi lina njaa kweli, ila ukiiweka kabla ya mvua unaliunguza.

Sasa upande wa pili, nao una hoja nzito kuliko wanavyokiri baadhi ya madaktari wetu. Ya kwanza ni kwamba virutubisho vimeokoa watu, tena hapa Tanzania. Hospitali ya Mvumi, Dodoma, katika utafiti uliochapishwa 1987, watoto 180 wenye surua waligawanywa kwa bahati nasibu: kati ya 88 waliopewa vitamini A walikufa sita, kati ya 92 wasiopewa walikufa 12. Miaka mitatu baadaye Cape Town wakapata matokeo ya kuelekea huko huko, yenye nguvu zaidi, na leo mtoto mwenye surua kupewa vitamini A siku mbili mfululizo ni utaratibu wa kawaida. Dar es Salaam nako, kabla ARV hazijafika kwa wananchi, wanawake 1,078 wenye VVU walifuatiliwa, na waliopewa vitamini B, C na E walichelewa kufika hatua ya Ukimwi. Kwa hiyo anayesema virutubisho vyote ni utapeli hajasoma historia ya nchi yake.

Lakini fuatilia hadithi hiyo ya Dar es Salaam hadi mwisho. ARV zilipofika, watafiti wakauliza: je, dozi kubwa za vitamini zile zile zitasaidia zaidi ya dozi ya kawaida? Wakachukua watu 3,418 walioanza dawa. Dozi kubwa haikuleta nafuu ya ziada, ini za waliopewa zikaanza kuonyesha dalili za kuumia, na jaribio likasimamishwa. Mji ule ule, ugonjwa ule ule, vitamini zile zile. Kilichobadilika ni hali ya mgonjwa na ukubwa wa kijiko. Surua ya Mvumi ilikuwa na kitu mahsusi kilichokosekana, kinachojulikana, kinachorudishwa kwa dozi inayojulikana. Kopo la kinga lina vitu thelathini, kila kimoja kwa matumaini.

Hoja ya pili ndiyo ninayoiheshimu zaidi. Inasema: hizo tafiti ni za watu walioshiba. Mgonjwa wa Toronto ameingia hospitalini na mwili uliojaa akiba. Wetu ametoka kijijini Ludewa na miezi mitatu ya kifua na ugali mkavu. Mkoa wa Iringa, kwa mujibu wa utafiti wa afya wa 2022, una udumavu wa asilimia 56.9 kwa watoto chini ya miaka mitano, Njombe 50.4, Rukwa 49.8, wakati taifa zima ni 30. Mikoa hii ndiyo inayolisha nchi! Anayesema matokeo ya Kanada yaletwe hapa kama yalivyo anakosea, nami nakubali. Ila hoja hiyo inakata kuwili. Mwili usio na akiba unaweza kufaidika zaidi na nyongeza, na unaweza pia kushindwa kuibeba. Utafiti wa NUSTART ulipima jambo hilo kwa watu wetu: watu wazima 1,815 wa Mwanza na Lusaka, wamekonda, wana VVU, wanaanza ARV. Wote walipewa lishe ya mafuta na karanga; nusu yao ikaongezewa vitamini na madini kwa wingi. CD4 za hao walioongezewa zilipanda kidogo zaidi. Vifo havikupungua. Simtanki lilipanda, kwa lugha yetu, na msiba ukabaki pale pale. Na wanaokumbuka utafiti wa FEAST wa 2011, uliohusisha watoto 3,141 wa Uganda, Kenya na hapa Tanzania, wanajua kwamba hata maji ya dripu yakimiminwa haraka kwa mtoto aliyezidiwa yaliongeza vifo, kutoka kama asilimia 7 hadi zaidi ya 10. Kama maji yanaweza, unga wa kwenye kopo usijione mtakatifu.

Imebaki hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosikika zaidi: "hiki ni chakula tu, tena cha asili, hakina madhara." Figo zikigoma, juisi ya majani yenye potasiamu nyingi inaweza kusimamisha moyo. Vitamini C ikiwa nyingi mwilini, baadhi ya mashine ndogo za kupimia sukari husoma sukari ya juu ambayo haipo, na mgonjwa akachomwa insulini ya kushusha kisichokuwepo. Unga uliokorogwa kwa maji yasiyochemka na kupitishwa puani hauna tofauti na kumnywesha mgonjwa maji ya mfereji wa Mwanjelwa. Na hicho kinachoitwa "chakula tu" ndiyo siri ya biashara yenyewe. Tangu 2019 usimamizi wa chakula ulihamia TBS, shirika la viwango, na iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Dawa inadaiwa ushahidi kwamba inatibu. Chakula kinadaiwa kisimdhuru mlaji wa kawaida. Muuzaji anaingia kwa mlango wa chakula, akifika sebuleni kwako anazungumza kama daktari. Mtu mahututi si mlaji wa kawaida.

Nami nimo. Mwaka juzi shangazi alilazwa mahututi, na kwenye kundi la WhatsApp la ukoo tulichanga shilingi 240,000 kwa usiku mmoja, za kopo. Nilikuwa mchangaji na mpeleka kopo. Nesi, mama wa makamo, alinipokea shikamoo, akaligeuza kopo mara moja tu, akasema, "Baba, hili rudisha. Maziwa mmeleta?" Hatukuleta. Akanionyesha chupa ya chai yenye uji wa ulezi tuliomtuma binti alete asubuhi: mzito, una makapi, umeziba mpira wa kulishia na kumpotezea nusu saa akiuzibua kwa maji ya uvuguvugu. Bomba la sindano la mililita 50 lilikuwa bado na punje nyeusi zimeganda mdomoni. Ukoo uliochanga 240,000 hakuna aliyefikiria chujio la chai.

Shangazi alipona. Sitasema maziwa ndiyo yaliyomponya. Antibiotiki zilifanya kazi yake, na bahati yake. Lakini tukio lile lilinigeuza kwenye swali lenye ushahidi bora zaidi, ambalo halimpatii mtu yeyote kamisheni: kulisha. Uswisi, katika hospitali nane, wagonjwa zaidi ya 2,000 wa wodi za kawaida waliokuwa hatarini kwa lishe waligawanywa: wengine wakala chakula cha hospitali kama kawaida, wengine wakapangiwa kila mmoja lengo lake la nguvu na protini na mtu wa lishe akawafuatilia. Kufikia siku ya 30 walikufa asilimia 9.9 upande wa kwanza, 7.2 upande wa pili. Matokeo yalitoka 2019. Hapakuwa na kopo la ajabu humo, palikuwa na chakula, kalamu na mtu wa kuuliza. Kwa mahututi wenyewe kipimo ni kigumu zaidi, kwani hata chakula kina mpaka wake. Majaribio ya karibuni yanaonyesha kwamba kumjaza mgonjwa siku za kwanza hakumsaidii, na protini nyingi zimeonekana kuwadhuru wale wenye figo zilizoumia. Aliyekaa na njaa muda mrefu akilishwa kwa pupa, fosfeti na potasiamu hushuka ghafla na moyo ukayumba. Vitamini B1 kabla ya kuanza ni moja ya nyongeza chache ambazo daktari ataiandika bila kusita. Manesi wa wodi za watoto wanaijua kanuni hii kupitia F-75 na F-100, maziwa ya kutibu utapiamlo mkali: unaanza na yale mepesi, mengine yanasubiri.

Kinachoniudhi ni kwamba ukanda huu ulishakuwa mwalimu wa dunia katika jambo hili. Iringa ilianza mpango wake wa lishe mwaka 1983, ukisaidiwa na WHO na UNICEF, katika vijiji 168: watoto wanapimwa hadharani, kijiji kinakaa chini kuuliza kwa nini huyu amepungua, na kinaamua nani afanye nini. Maarifa ya kimea, unga wa nafaka iliyooteshwa, yaliandikwa na watafiti wetu miaka hiyo hiyo: kijiko kimoja kinaulainisha uji mzito hadi unatiririka, bila kupunguza nguvu yake kwa maji. Bibi anayetengeneza togwa anajua. Uji wa kimea uliochujwa, ukatiwa maziwa, sukari na mafuta ya alizeti kwa vipimo alivyoandika afisa lishe, ndicho kitu ambacho jiko la hospitali ya mkoa linaweza kukitoa moto kila baada ya saa tatu. Badala yake tunaiacha kazi hiyo kwa binti wa miaka kumi na saba mwenye chupa ya chai, halafu tunashangaa anapoibuka muuzaji wa kopo kuziba pengo. Maafisa lishe tunao, lakini wengi siku zao huishia kwenye vikao vya udumavu. Ni nadra kumkuta mmoja anazunguka na madaktari asubuhi kitanda kwa kitanda.

Kwa hiyo malalamiko yetu ya mlangoni yabadilike. Ndugu akifika, aulize chakula kinaanza lini, kwa mililita ngapi, na kama kuna kitu mahsusi mgonjwa amepungukiwa ambacho kimepimwa. Na hospitali, badala ya tangazo la "hairuhusiwi kuleta virutubisho" lililobandikwa ukutani, ibandike kinachoruhusiwa: maziwa yaliyochemshwa, uji wa namna gani, saa ngapi. Karatasi ya shangazi niliiona, ile ndefu inayoning'inia miguuni pa kitanda. Ilikuwa na safu ya presha, ya mapigo, ya joto, ya dripu, ya mkojo. Ya chakula haikuchapishwa. Ilichorwa kwa kalamu ya bluu pembeni, mistari imepinda kidogo, na aliyeichora ni yule nesi aliyelikataa kopo.